Mtutu Usioharibu Kiande

Wengi wenu mnaonijua hapa Merrylands, Sydney, mnanijua kwa sambusa. Mkisikia Bi Maimuna mnakumbuka Idi, ile meza ya pembeni ukumbini na foleni ya watoto wanaojifanya hawajala. Sasa nimestaafu, na magoti yalistaafu kabla yangu, basi wacha niwaambie. Mikono hii kabla ya kukunja manda ilikuwa ikikereza mitutu ya bunduki huko Seven Hills, nyuma ya duka la matairi, kwa miaka mingi kuliko ndoa za baadhi yenu.

Msinitolee macho. Hazikuwa bunduki za vita, na mtu asiye na leseni sikumuuzia hata brashi ya kusafishia. Zilikuwa za wakulima waliochoshwa na sungura, za wawindaji wa nguruwe mwitu, na za wastaafu wanaotoboa karatasi kila Jumapili kisha wanarudi nyumbani wamefurahi kana kwamba wamepata mjukuu.

Naandika kwa sababu vijana wetu wawili watatu wameanza kwenda klabu za shabaha, na wanakuja kunihoji jikoni kwangu, simu mkononi. "Bibi, which barrel is better? Na upper je?" Mimi najibu kwa Kiswahili, wao wananijibu kwa Kiingereza, na kitunguu kinaungua katikati yetu. Ni bora niandike mara moja, msome, mniache nipike.

Tuanze na hiyo sehemu ya juu mnayoililia. Mnayoiona kwenye simu ni ya bunduki za Marekani, zile unazochomoa pini, nusu ya juu ikatoka na mtutu wake, ukavalisha nyingine kama unabadili shati. Hapa New South Wales raia wa kawaida haimhusu, kwa hiyo itazameni hukohuko kwenye simu na iishie huko. Bunduki ya kuwindia ya hapa ni ya bolti: unavuta, unasukuma, unapiga moja. Sehemu yake ya juu ni ile bodi ya chuma inayobeba bolti, na mtutu umekazwa mbele yake kwa meno ya skrubu. Bodi ikiwa imenyooka, fundi anaweza kukubadilishia mtutu hata mara ngapi. Bodi ikiwa imepinda, hata ukifunga mtutu wa dhahabu utakuwa umepamba hasara. Basi mtu huanza na bodi, akaja kwenye mtutu, darubini ikafuata. Ninyi mnaanza na rangi.

Kazi yenyewe niliikuta nyumbani. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, na baba yangu alikuwa fundi wa kukereza vipuri vya mashine za mkonge. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa chuma, akanipata mimi. Mama alilia sana. Alikuwa na hakika kwamba msichana mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha hataolewa, na mpaka nilipoolewa hakuamini, na baada ya hapo alimwonea huruma mume wangu.

Nilipofika Sydney niliomba kazi kwa mzee mmoja wa Kimalta aliyeitwa Karmenu, mfupi, mwenye nyusi nyingi kuliko nywele. Hakuniuliza vyeti. Alinipa kipande cha chuma akaniambia nikinyooshe. Nikamuuliza, kinyooke kiasi gani? Akaniambia nije Jumatatu. Siku hiyo ya Jumatatu nilimsikia akihesabu mizunguko ya mkono wa mashine kwa lugha yao, wiehed, tnejn, tlieta, nami mtoto wa chuo cha Kurani nikageuka kuangalia ni nani anayesomeshwa. Kumbe Wamalta wanahesabu kama Waarabu, jamaa zetu. Tangu hapo nilijisikia nimefika kwa watu.

Karmenu hakuwa mtu wa kugomba. Wiki zangu za mwanzo nilisafisha mtutu wa mteja kwa fimbo ya chuma nikiingizia mbele, kwenye mdomo, huku nikiimba. Ukingo wa mdomo ukakwaruzika. Aliuona. Alikwenda jikoni, akarudi na chai kwenye kikombe kilichomeguka ukingo, akaniambia ninywe bila kumwaga. Nikajimwagia mpaka kifuani. "Risasi nayo inatokea hapo," akasema, akarudi kwenye mashine yake. Basi wanangu, mtutu husafishwa kutokea nyuma. Na ukienda kununua uliotumika, kabla hujatazama kung'aa kwake, tazama mdomo. Ukingo wa mdomo ukiwa mbovu, risasi inaondoka imeshakasirika.

Jambo la pili, unene. Mtutu mnene hupata joto polepole, kwa hiyo kutwa nzima unapiga tundu juu ya tundu na watu wa klabu wanakuja kukuangalia. Mwembamba ukipiga mfululizo unapata moto, kisha risasi zinaanza kutangatanga kwenye karatasi kama kuku waliofunguliwa. Lakini mwindaji hana haja na mfululizo. Anahitaji ile risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, na anahitaji kuupandisha kilima bila kumlaani fundi. Ndani ya mtutu kuna michirizo iliyosokotwa ili izungushe risasi. Risasi ndefu na nzito inataka msokoto wa kubana, na fupi nyepesi inaridhika na uliolegea. Muulizeni muuzaji msokoto kabla ya kitu chochote, naye akibabaika, ondokeni kwa adabu.

Shida ni kwamba wateja wa bunduki ni waongo. Si waongo wabaya, ni kama wavuvi tu. Mwindaji akikwambia amepiga kutoka umbali fulani, gawanya kwa mbili, na kama amenunua darubini mpya, gawanya tena. Wote wanataka mtutu mrefu na mnene, wote wana nguvu, wote hupanda milima kila wiki. Karmenu alikuwa na dawa yao. Alikuwa na begi kuukuu la turubai lililojaa vipande vya chuma chakavu, uzito sawasawa na ule unaoongezeka ukichagua mtutu mnene, na zaidi kidogo kwa ajili ya majivuno. Mteja alilivaa mgongoni, akaenda nalo mpaka stesheni ya Seven Hills, akapanda ngazi za daraja, akashuka upande wa pili, akarudi. Akirudi anahema, tunakubaliana mtutu mwembamba bila mabishano. Miaka yote sikuona begi lile likikosea, mpaka alipokuja Njoroge.

Njoroge alikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee huko Minto, Mkikuyu mpana, mpole, sauti ya kubembelezea wagonjwa. Leseni yake ilikuwa mpya hata picha haijazoea sura. Alinisalimia vizuri, akaegemea kaunta.

"Aunty, mimi nataka barrel moja tu, but ya kila kitu. Sunday niko range, weekend ingine niko kwa mbuzi. Nataka ndefu, heavy, yenye speed. Si jokes."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa babake Wanjiru."

Ikabidi nimvutie kiti. Wanjiru alikuwa mchumba wake, nesi wa chumba cha upasuaji, akiishi Merrylands na baba yake, Mzee Gathogo, dereva wa basi mstaafu aliyefiwa na mke. Mzee huyu alipenda kuwinda kuliko kula. Siku ya kujadili mahari, ndugu wa Njoroge walileta bahasha kama wafanyavyo watu wote wa hapa, mbuzi wote wakiwa wamegeuzwa pesa ndani ya bahasha. Mzee Gathogo aliishika, akaipima mkononi, akasema mbuzi wa bahasha hana kwato. Mengine yote angeyapokea hivyohivyo, lakini mbuzi wa ngurario, ile sherehe yao ya kumaliza ndoa ya kimila, ni lazima bwana harusi ampige mwenyewe, yeye akiona kwa macho yake. Bila mbuzi huyo hakuna ngurario, na bila ngurario Wanjiru hatoki nyumbani. Mzee mmoja akapinga, akasema mbuzi wa porini asiye na mwenyewe si mbuzi, ni nyama ya porini. Gathogo akamjibu kwamba mwenyewe ni yule atakayempiga.

Kwetu Tanga posa huenda na maneno matamu na halua. Lakini sikuwa kwetu, nilikuwa kazini.

Tukamvisha Njoroge begi. Akaenda. Sisi tukaendelea na kazi tukingoja kuhema. Alirudi anaongea na simu, anacheka, begi analishikia bega moja kama mkoba wa mwanamke. Karmenu akanitazama, nami nikamtazama Karmenu. Hatukuwa tumefikiria kwamba mtu huyu kutwa nzima ananyanyua wazee kutoka kitandani, anawageuza, anawakalisha, na wazee wa Australia wamekula vizuri maishani. Chuma chetu kwake kilikuwa mapumziko.

Begi likiwa limekubali, tungesemaje sisi? Tukamfungia mtutu wa kaliba ya 243, mrefu, mnene, wa risasi ndogo inayokwenda mbio sana. Shabaha akaanza kupiga mpaka wazee wa klabu wakawa wanamletea biskuti. Nilijisifu kimoyomoyo, na kwa Karmenu nilijisifu kwa sauti.

Haukupita muda mrefu, mlango wa karakana ukafunguliwa kwa mguu. Aliingia mzee mrefu, mkavu, kofia ya majani kichwani, amekumbatia sanduku la barafu. Nyuma yake Njoroge, kichwa chini. Mzee akaliweka sanduku juu ya kaunta, juu kabisa ya karatasi zangu.

"Mama, ni wewe ulitengenezea huyu nesi bunduki?"

"Ni sisi."

"Basi kuja uone kazi yako."

Akafungua. Ndani kulikuwa na mguu wa mbele wa mbuzi, kwato mpaka goti safi kabisa, na kuanzia hapo kwenda juu ilikuwa nyama ya kusaga yenye vipande vya mfupa.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Hiki kilikuwa kiande."

Nikamwambia mimi ni mtu wa Tanga, anifafanulie. Akanifafanulia, na niseme ukweli, kwa mtu aliyeharibikiwa alifafanua akiwa na furaha nyingi. "Kiande ni hii mkono ya mbele ya mbuzi pamoja na bega. Siku ya ngurario, watu wote wakiona, bwana harusi anakata kiande anapea msichana, msichana anakula. Akikula, imekwisha, ameolewa. Sasa hii atakata na nini? Kijiko?"

"Aunty," Njoroge akasema kutoka nyuma, kwa ile sauti ya wodini, "mliniuliza distance. Mkaniuliza na weight. Hamkuniuliza ni part gani ya nyama."

Alikuwa amefanya kama alivyofundishwa: alilenga bega. Mtu wa shabaha hulenga panapoonekana vizuri, na mbuzi mzima hana mahali panapoonekana vizuri kuliko bega. Karmenu alipotafsiriwa kisa, alivua miwani akakaa. Kwao Malta sikukuu ni sungura, na mtu akimharibia sungura wa sikukuu wanaweza kunyimana salamu mpaka mazishi. Alielewa kabla sijamaliza.

Hapa ndipo nataka msikilize, wanangu, maana hili simu haiwaambii vizuri. Mnadhani risasi nene ndiyo inayoharibu nyama, na nyembamba ndiyo ya huruma. Si hivyo. Ile nyepesi ikienda mbio sana, ikigusa mfupa inapasuka, na inapopasuka inagawa hasara kwa majirani wote. Nene, nzito, inayokwenda taratibu, inapita kama mtu mwenye adabu anayekatiza sebuleni kwa watu. Unaweza kula nyama mpaka pembezoni mwa tundu. Njoroge alihitaji mtutu wa 308, mfupi, unene wa wastani. Bahati nzuri 308 na 243 ni ndugu. Makalio ya ganda la risasi ni yale yale, bolti ile ile inayashika yote mawili, kwa hiyo bodi haikuwa na haja ya kubadilishwa. Tungefungua mtutu mmoja, tungefunga mwingine, na karatasi za kubadili kaliba zingekwenda kwa wanaohusika.

"Na ngurario ni lini?" nikauliza.

"Jumamosi ya pili kutoka sasa," akasema Njoroge.

"Lakini kama haiwezekani," akadakia Mzee Gathogo, akifunika sanduku lake, "tutaahirisha. Mwaka kesho pia ni mwaka. Hakuna haraka."

Nikamwambia itawezekana. Furaha yake ikapungua, nami nikadhani ni kwa sababu ya harufu ya dukani.

Macho ya Karmenu wakati huo yalikuwa yameshachoka, hivyo chumba cha risasi, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, nilikikata mimi. Kazi hiyo siku hizi wanaingiza kamera ndogo ndani ya mtutu, wanatazama kwenye kioo kama daktari wa tumbo, na sikatai, ni nzuri. Sisi tulisikiliza. Karmenu aliweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, akafumba macho, na mimi nilipokaza mkono kupita kiasi alinyanyua kidole kabla chuma hakijalalamika. Unakata kidogo, unatoa, unafuta, unapaka mafuta, unarudi. Anayeharakisha chumba cha risasi atakuwa na muda mwingi wa kujuta. Kikapatikana. Tukaujaribu mtutu klabuni na ukapiga vizuri, si kwa ufundi wa kuletewa biskuti, lakini kwa mbuzi ulitosha na ukabaki.

Jioni moja Wanjiru akanipigia simu. Sikuwahi kuonana naye, lakini alijieleza vizuri. "Aunty, please, enda na wao. Dad amekuwa difficult, sijui ni nini. And this time amekataa niende. Siku zote huwa ni mimi na yeye, tangu nikiwa high school. Ati bibi harusi hawezi kuona mbuzi yake ikipigwa. Aunty, hiyo rule ametoa wapi?" Nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa Tanga. Lakini nikakubali kwenda, na baba yake alipoambiwa akasema vyema, fundi aje ajionee aibu yake.

Tukaenda mbali, tukaupita mji wa Dubbo, kwenye shamba la mtu aliyefurahi kupunguziwa mbuzi mwitu wanaomlia nyasi za kondoo wake. Mvua ilikuwa imenyesha siku hizo, udongo mwekundu ukawa unatuvua viatu. Njoroge alibeba bunduki na mzigo wote. Mzee alitangulia. Mimi nilibeba chupa ya chai na kisu changu, nikiwa na nia kwamba mbuzi mmoja akianguka bado ana uhai nitawahi kumchinja mwenyewe, nirudi Merrylands na kitoweo.

Sasa, mpango ulikuwa huu. Risasi ipite kwenye mbavu, nyuma tu ya bega. Lakini mbuzi akisimama kawaida, mkono wa mbele umeifunika sehemu ile. Ni lazima ungoje apige hatua, mkono uende mbele, mbavu zifunguke. Ni nafasi ya kupepesa jicho. Nilikuwa nimemrudia Njoroge jambo hili njia nzima mpaka akaniambia, "Aunty, nimeskia, hata nikilala naona mguu."

Kundi la kwanza tulilikuta kwenye mteremko. Njoroge akalala chini, bunduki juu ya begi lake. Beberu mzuri akasimama ubavu. Mkono wa mbele ukaanza kunyanyuka. Mzee Gathogo akakohoa.

Si kikohozi cha mtu mmoja kile. Mbuzi wote walikuwa wametokomea kilimani kabla mwangwi haujarudi.

"Pole, Mzee," akasema Njoroge.

"Ni vumbi," akasema Mzee.

Nikaangalia viatu vyangu, vilivyokuwa na kilo za matope.

Kundi la pili tulilipata mchana, karibu na bwawa. Njoroge akalala tena, akangoja, na mara hii ningeapa kwamba mbuzi mwenyewe alikuwa radhi. Mkono ukaenda mbele. Mzee akakohoa mara mbili, moja ya kuwashtua na moja ya kuwasindikiza. Njoroge akafungua bolti, akainuka, na wala hakukasirika. Akamwekea mzee kiganja mgongoni.

"Mzee, hiyo chest lazima tuiangalie Monday. Ni dry ama inatoa kitu?"

"Toa mkono. Sina kitu."

Njoroge akaenda kuchungulia nyuma ya bwawa. Mimi nikamimina chai, nikampa mzee kikombe, nikakaa kwenye gogo pembeni yake.

"Mzee Gathogo," nikamwambia, "kikohozi chako kina macho."

Alikunywa chai yote, tena ilikuwa ya moto.

"Mama, wewe uko na watoto?"

"Ninao. Mmoja Perth, mmoja Melbourne."

"Basi unajua." Akageuza kikombe, akatikisa matone. "Tangu mama yake aende, nikiingia kwa nyumba nasikia redio ya Wanjiru huko jikoni. Haizimangi. Kila siku mimi nagombana na hiyo redio. Minto si mbali, najua, mimi nimeendesha basi hii Sydney yote. Lakini redio itaenda. Na hapa pia, ni yeye huona mbuzi mbele yangu. Mimi macho yangu yamekwisha. Nikija peke yangu nitakuwa natembeza tu bunduki."

Iliniuma, wanangu. Nilikumbuka sebule yangu siku yule wa mwisho alipopanda ndege kwenda Perth, nilivyokaa na kipima mtutu mkononi nisijue nimekichukua wapi. Nikamjazia mzee kikombe tena. Nikamwambia ukweli.

"Ukikohoa tena mbuzi atakwenda. Na Wanjiru naye atakwenda, ila atakwenda amenuna."

Akaweka kikombe kwenye gogo. Nilifikiri nimemkosea. Kisha Njoroge akatokea nyuma ya bwawa, ameinama, anatupungia mkono.

Walikuwa wachache, na jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wao. Njoroge akajilaza kwenye matope bila kujali. Beberu mweupe mwenye mabaka alikuwa anakula majani, mkono wa mbele umeziba mbavu. Tukangoja. Akainua kichwa. Tukangoja. Nikageuka kumtazama mzee, nikaona kifua kinapanda, shingo inatuna, mdomo unafunguka. Akavua kofia yake ya majani, akaitia mdomoni, akauma.

Mkono wa mbuzi ukaenda mbele.

Mlio ulikuwa mmoja. Beberu alikunja magoti akalala, wala hakupiga teke, nami kisu changu na nia yangu vikarudi mfukoni, kitoweo nimekikosa. Njoroge alifungua bolti, akatoa ganda, akahakikisha chumba ni kitupu, ndipo akasimama. Alipomfikia mbuzi alipiga magoti akampapasa mabega, la kushoto, la kulia, taratibu, kama anavyowapapasa wazee wake walioanguka bafuni.

"Ziko sawa," akasema. "Zote."

Mzee Gathogo akafika, kofia bado imening'inia mdomoni. Akaitoa. Ukingo mmoja haukuwepo tena. Aliivaa hivyohivyo, akachuchumaa, akapitisha vidole vyake mahali pale pale vilipopita vidole vya Njoroge. Macho yake yalikuwa yamelowa, na safari hii hakusingizia vumbi. Mpaka siku ile sikuwahi kumsikia akimwita Njoroge jina lingine isipokuwa "huyu nesi".

"Shika hiyo mguu, kijana yangu," akasema. "Si hivyo. Hivi. Tumbo kwanza."

Njoroge akashika. Wakafanya kazi, mzee anaonyesha, kijana anakata. Halafu Njoroge, bila kuinua kichwa, akasema, "Mzee, mimi hii njia siijui. After ngurario, ukikuja huku, unaweza nipitia? Wanjiru pia, akiwa off."

Mzee akapangusa kisu kwenye nyasi, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Minto, saa kumi na moja asubuhi," akasema. "Nikifika na mmelala, naenda."

Njoroge akaitikia kwa kichwa, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mbuzi.